Nilipata 17 kwa 27

Ilikuwa Jumatano, mwaka wa nne, 2024, wiki ya pili ya kusomea magonjwa ya akili. Registra mmoja mpole, yule wa kuvaa sweta hata jua ikiwaka, akatugawia karatasi. Maswali tisa, kila moja unajipa sufuri mpaka tatu kulingana na vile umekuwa wiki mbili zimepita. "Hii tunapeanga wagonjwa," akasema. "Leo jijazieni nyinyi, mjue vile mtu huskia akiulizwa. Sikusanyi."

Wasee wakaanza kucheka. Kuna mmoja alisema kuuliza mtu wa medi kama analala vizuri ni matusi. Mimi nikajaza. Sijui nini ilinishika hiyo siku, juu mtu akiniuliza niko aje nimezoea kusema "fiti sana" hata kabla amalize swali. Hamu ya vitu imeisha? Tatu. Roho chini? Mbili. Usingizi, tatu. Kuchapa bila sababu, tatu. Chakula, moja. Kujiona bure, mbili. Akili kukataa kushika kitu, mbili. Mwendo kuwa pole, sufuri. Swali ya tisa, ile ya kuona afadhali usingekuwepo, nikaweka moja, nikaifuta, nikairudisha.

Sasa cheki vile shule imeniharibu. Kitu ya kwanza ilikuja kichwani haikuwa "buda, wewe ni mgonjwa." Ilikuwa: 17 kwa 27 ni asilimia 63. Hiyo ni B. Walai, ndio maksi ya juu nilikuwa nimepata hiyo semista.

Halafu registra akaandika ubaoni: kuanzia 10, msee aonwe na daktari, kuanzia 15 hiyo si ya kungojea. Nikanakili kwa daftari na wino ya bluu, nikapigia mstari. Wiki moja baadaye swali ikatokea kwa kati, nikaijibu yote bila kukosa alama. Dalili, muda, dawa, ushauri kwa familia. Nikasahau tu sehemu moja, ya kuinuka niende.

Wacha nikurudishe nyuma kidogo. Kwetu ni ushago ya ndani, ile mvua ikinyesha hata wa bodaboda anakuambia shuka utembee. Nilipopata A ya KCSE kijiji iliitisha harambee. Watu waliuza kuku. Kuna mzee mmoja, wala si wa ukoo wetu, alileta soo mbili imekunjwa hadi imekuwa saizi ya tembe. Tangu hiyo siku hakuna mtu kwetu ananiita kwa jina. Ni Daktari. Sijagusa hata stetho lakini ni Daktari. WhatsApp yangu mpaka leo imejaa picha za vidonda, vipele za watoto, ulimi ya shosho wa jirani. Ukibeba jina kama hiyo, utaambia nani umeanguka anatomi?

Na niliianguka. Ile kitu hakuna mtu hukuambianga kuhusu darasa ya medi ni hii: kila mtu humo alikuwa namba moja penye alitoka. Wote. Mkiwekwa pamoja lazima kuna mwenye atakuwa wa mwisho, na huyo msee hajawahi kuwa wa mwisho maishani, hajui hata inakaliwa aje. Nikapiga sapu nikapita. Ukianguka sapu unarudia mwaka, ukizidi unadisko, sasa likizo yote nilikuwa nalala na hiyo hesabu juu ya kifua. Mathe akiuliza masomo iko aje nasema inasonga. Haikuwa uongo. Ilikuwa inasonga, mimi ndio nilikuwa nimesimama.

Formalini inaletanga ubao. Hii kila mwanafunzi wa medi atakuambia na aibu kidogo. Unatoka kwa kadava saa saba mchana, unapiga mbio hadi kibandaski ya nje ya geti, unaagiza chapo mbili na madondo, na mikono umeosha mara tatu lakini chapo bado ina ile harufu. Mwanzo nilikuwa naona noma. Ikawa kawaida, hata tukawa tunajichekelea. Halafu kuna siku mwaka wa tatu nilikaa hapo kwa ile benchi ya mbao, mama wa kibanda ameniongezea supu bila kuitisha vile hufanyanga, nikagundua siskii harufu. Siskii utamu wa madondo. Siskii hata ubao. Nilikuwa natafuna juu ni saa ya kutafuna. Nikamlipa, nikasema asante, nikaenda darasa. Ningejua kusoma mwili yangu vile nilikuwa nasoma za wengine, hapo ndio ningeshtuka.

Shida ni kuwa kwa medi kuchapa ni yunifomu. Ukiwa na macho mekundu watu wanadhani unasoma. Ukikonda wanadhani unasoma. Ukikaa kejani wikendi tatu bila kuonekana wanakuonea wivu, "huyo jamaa amejifungia, atatuua na maksi." Ugonjwa umepata mahali pa kujificha mchana kweupe. Na huko wodini ndio kabisa. Kuna raundi moja mkubwa aliniuliza potasiamu ya mgonjwa, nikajua niliiona asubuhi, nikaitafuta kichwani nikakuta giza. Watu kumi na mbili wananicheki, na mgonjwa mwenyewe. Akasema nikajaribu ualimu. (Walimu, poleni, mnatumiwanga vibaya sana kwa hizi matusi.) Tukitoka nje registra wa hiyo wodi akanigonga bega: "Jikaze kisabuni, bro. Enzi zetu ilikuwa mbaya zaidi." Alikuwa ananitakia mema, hata simlaumu. Lakini nimeshika sabuni maisha yangu yote, na ukiikaza sana inaruka.

Kujikaza kwangu ilikuwa jaba. Muguka ya mia, njugu, soda, halafu unasoma hadi jogoo wa mtaa aanze kelele. Inafanya kazi, sitadanganya. Inasukuma tu usingizi mbele kama deni ya duka, na mwenye duka hajasahau. Ikifika Ijumaa hulali hata ukitaka, sasa unatafuta keroro ndio ikuzime. Kwa floo yetu tulikuwa karibu saba tunaishi hivyo, na tulijiita wakali.

Nambari ziko, na si za kubuni kwa mtandao. Mwaka 2016 jarida la madaktari la JAMA lilichapisha utafiti uliokusanya tafiti karibu 200 za wanafunzi wa medi kutoka nchi zaidi ya 40. Asilimia 27.2 walikuwa na depresheni ama dalili zake. Weka hiyo kwa nganya ya watu 14: karibu wanne. Asilimia 11.1 walikuwa wamewahi kufikiria kujimaliza. Hapo ni kama mmoja na nusu kwa hiyo hiyo nganya. Nyingi ya hizo tafiti zilitumia dodoso, na dodoso si daktari, sawa. Lakini hii ndio ilinimaliza: kwa wenye walionyesha dalili, waliotafuta matibabu ni asilimia 15.7 tu. Hata mmoja kwa sita hafiki. Hawa ni wasee wanajua jina ya ugonjwa, dozi ya dawa, na floo gani ya hospitali kliniki iko.

Mbona hawaendi? Uliza mimi. Kwanza, daktari wa akili wa hospitali penye unasomea ndio atakuketisha vaiva mwezi ujao. Utamwambia unalia kwa choo ya wodi saa nane usiku, halafu Jumatatu umuelezee dalili za skizofrenia na tai shingoni? Pili, faili. Nesi anaita jina yako kwa korido, na kwa korido kuna wasee wa darasa yenu wanaklaki wagonjwa. Tatu ni ile jina: Mathari. Hospitali ilianza 1910, wakati wa mkoloni, kama nyumba ya kufungia wenye akili wanasema imeruka, na hadi leo mtoto wa Nai akitaka kumtusi mwenzake anamwambia ametoroka Mathari. Tulienda huko kwa basi kusoma, na njiani tulikuwa tunataniana hivyo hivyo. Mimi pia. Nilicheka kabisa, na ile 17 iko kwa mfuko wa koti.

Na kulikuwa na sheria. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilisema kujaribu kujiua ni kosa, unaweza kulala ndani hadi miaka miwili. Yaani msee ameshindwa na kila kitu, akiamka hospitalini anaweza kukuta karao ameketi kando ya kitanda. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu hapa Nairobi ilisema hicho kifungu kinaenda kinyume na Katiba. Nilisoma hiyo habari nikiwa kwa mat, nikaisoma tena. Lakini mwaka nilikuwa najaza ile karatasi, 226 ilikuwa bado inapumua, na sidhani mimi pekee ndio niliifuta swali ya tisa.

Hiyo 2024 pia ndio madaktari waligoma siku 56, kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, na ngori moja kubwa ilikuwa pesa ya maintani: serikali ilitaka iteremke kutoka 206,000 hivi hadi 70,000 kwa mwezi. Wodi zilitulia, masomo ikakwama. Sisi wa chini tulikuwa tunaangalia kama msee amesimama steji akaona mat ya mwisho inageuza mbali. Miaka sita, kuku za kijiji, halafu?

Sasa rumeti wangu. Huyu jamaa haongeangi mob. Anapenda mpira, anakoroma, na ana tabia ya kuhesabu vitu. Usiku mmoja, kama siku kumi baada ya ile karatasi, aliingia na smokie pasua mbili na mayai boilo, akanipa zangu, akaketi kwa kitanda yake akanicheki.

"Hiyo koti hujaifua wiki tatu."

"Nimekuwa bize."

"Umelenga mechi nne. Chapo zako zimelala kwa sahani tangu Jumapili." Akanyamaza, akamenya yai pole pole kama anafanya upasuaji. "Buda, unafikirianga kujimaliza?"

Hivyo tu, bila kuzunguka. Nilitaka kucheka. Swali ilikuwa imetoka kwa notsi za ile wiki, neno kwa neno. Tulikuwa tumefunzwa kuwa ukimuuliza mtu wazi humpandishii hiyo fikra, unampunguzia mzigo. Jamaa alikuwa ananifanyia mimi kama long kesi! Lakini sikucheka. Nikasikia mdomo yangu ikisema, "Si kujimaliza. Ni vile tu... nisipoamka kesho, sawa pia." Hiyo sentensi nilikuwa sijawahi kuisikia kwa sauti. Yeye hakuniambia nina maisha mazuri mbele yangu. Alisema, "Sawa. Kula yai. Kesho tunaenda mahali, na leo mimi silali kabla yako." Akaandika 1199, ile laini ya Msalaba Mwekundu ya bure, kwa karatasi, akaibandika ndani ya mlango na plasta ya jeraha, juu ni plasta tu tulikuwa nayo.

Asubuhi tukapanda nganya hadi upande ule mwingine wa mji, kliniki penye hakuna mtu angenijua. Alinilipia fea, na nilikuwa na doh. Aliniambia ni juu mgonjwa hafai kujisumbua na makanga.

Daktari alikuwa mama wa makamo, hakuwa na haraka. Alinitoa damu kwanza kucheki kama ni tezi ya shingo ama damu imepungua, kitu mimi mwenyewe ningekumbuka kwa mtihani. Nikaanzishwa fluoksetini, miligramu 20 asubuhi. Akaniambia ukweli mbili penye wasee hukwama: utasikia kichefuchefu kabla usikie nafuu, juu dawa inaweza kuchukua hadi wiki nne ama sita kushika vizuri, na ukipata nafuu usiiache ghafla, inaendelea miezi sita hivi, ikitolewa inatolewa pole pole na daktari akijua. Wiki ya kwanza nilikuwa nataka kuitupa. Tumbo inaruka, usingizi bado imegoma, na sauti kichwani inasema unaona, hata dawa imekukataa. Rumeti alikuwa anahesabu tembe, si ulijua.

Kumwambia mathe ndio ilikuwa kazi. Kwanza lugha yenyewe. Kwa mtaa, ukisema una depresheni wanadhani manzi amekuacha. Kiswahili ya vitabu ina unyogovu, ina sonona, na hii ya pili naipenda juu ni ndugu ya kusononeka, unaskia kabisa kitu kinauma ndani bila kelele. Lakini mathe angeniuliza sonona ni nini. Nikamwambia hivi: "Mathe, ni kama nyumba tokeni zimeisha. Taa iko, friji iko, waya hazijakatika. Stima tu hakuna." Akanyamaza, nikasikia kuku zikilia nyuma yake. "Kumbe unafikiria sana," akasema. Nilikuwa karibu nimrekebishe. Baadaye daktari akaniambia kuna mwenzake wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, mwenye kutoka 2006 amekuwa akifunza mashosho wa Harare kuketi na watu kwa benchi ya mbao nje ya kliniki, na jina wanatumia ni ya Kishona, kufungisisa, kufikiria kupita kiasi. Mashosho hawakuanza na jina ya kizungu. Walianza na ile watu wanasema, wakamsaidia mtu achague shida moja na hatua moja. Matokeo yao ilitoka kwa JAMA hiyo hiyo, 2016 hiyo hiyo: baada ya miezi sita, wagonjwa wa mashosho walikuwa na dalili chache kuliko wenye walipata huduma ya kawaida. Mathe wangu alikuwa anaongea sayansi na hakujua. Alianza kunipigia kila Jumatano usiku. Anaomba, ndio, tena ndefu. Lakini akimaliza anauliza, "Umekunywa dawa?"

Ile hatua moja pia mimi nilipewa. Daktari hakuniambia nipende maisha. Aliniuliza kitu gani imenishinda, nikasema koti. Akaandika: Jumanne, saa kumi jioni, fua koti. Hiyo ndio ilikuwa matibabu ya wiki nzima, na ungeona vile nilikasirika, mtu wa A ya KCSE kupewa asaimenti ya beseni.

Jumanne nikashuka nayo kwa sinki za nyuma ya hosteli. Kola ilikuwa na mstari wa kahawia. Mfuko wa kushoto ulikuwa na kalamu mbili zimevuja, glavu moja, na ile karatasi ya maswali tisa imekunjwa mara nne. Nikaitoa nikaiweka juu ya ukuta, jiwe juu yake. Maji ikawa nyeusi, nikamwaga. Ikawa kijivu, nikamwaga. Mara ya tatu nikaona vidole vyangu chini ya maji. Iliniuma mgongo, nikaskia baridi, nikaskia harufu ya sabuni ya mche. Nikasimama hapo kama fala, mikono inadondoka, nikinusa.

Sitakudanganya kuwa ilipanda tu. Mwezi wa tatu wa dawa niliteleza vibaya, nikarudi jaba wiki moja, nikalenga kliniki mara moja hadi rumeti akanibeba. Raundi za kukanyagwa bado ziko. Yule mkubwa wa ualimu hajabadilika na mimi sijaenda ualimu. Siku hizi nalala saa sita hata kama kuna kati kesho, na maksi zangu, cha ajabu, zimepanda. Mwezi uliopita nilijaza ile karatasi tena nikapata 6. Rumeti akasema hiyo ni asilimia 22, nimeaibisha shule.

Jana usiku, saa tano hivi, kuna mtoto wa mwaka wa pili wa floo yetu alibisha kuomba chaja. Koti yake bado ina formalini, na ile kola naijua. Nikampa chaja. Hakuondoka. Akasimama hapo mlangoni, anasoma ile 1199 kwa plasta kama ni tangazo ya mechi.

"Umedishi?" nikamuuliza.

"Niko fiti sana."

Nikasukuma vitabu kando kwa kitanda, nikachomeka koili yenye matroni amekataza, nikaweka sufuria ya chai. Akaingia, akaketi kwa ukingo kabisa, ndula bado mguuni, chaja mkononi.

"Wiki mbili zimepita," nikamwambia, "umekuwa ukilala aje?"